Samli ya Bibi Harusi Niliikaangia Wafo

Nilimwibia mama mkwe wangu, halafu nikamfanya aamini kwamba akili yake ndiyo iliyomwibia. Nimeanza na hilo makusudi, ili usinionee huruma kabla hujajua nilichofanya.

Mimi ni mzaliwa wa Gitting, nimeolewa kijiji cha Daudi. Jina langu sitaji. Wa kwetu wakisoma hapa watanijua tu, na wakinijua basi, nimechoka kujificha.

Watu wananiita Mama Wafo. Jamani, jina hilo! Kila nikiitwa njiani kutoka kanisani nasikia kama nimechapwa kofi. Lakini naitika, natabasamu, nauliza mnataka ngapi na za siku gani.

Kwa asiyezijua, wafo ni mkate laini wa unga, mayai na maziwa, unaookwa kati ya vibao viwili vya chuma. Unatoka na vijumba vijumba kama sega la nyuki. Mimi nilizijua Karatu, nilipokuwa nafanya kazi kwenye jiko la hoteli ya watalii kabla sijaolewa. Nilikuwa naosha masufuria. Huku kijijini niliwaambia watu nilikuwa mpishi. Unaona? Uongo wangu haukuanza jana.

Siku moja mnadani, kwenye rundo la vyombo vya mtumba, nikakiona chuma cha wafo. Kile cha kuweka juu ya jiko la mkaa, kizito, chenye mikono mirefu. Muuzaji mwenyewe hakujua ni cha kazi gani. Nilikibeba hadi nyumbani nimekikumbatia, na mume wangu akacheka akasema nimeleta mtego wa panya.

Nikakaa nacho nikisubiri siku ya kuwaonyesha watu. Hilo ndilo kosa la kwanza, maana mtu akitafuta siku ya kujionyesha, hakosi kuipata.

Siku ikaja. Wifi yangu, mtoto wa mwisho wa mama mkwe, alipata mchumba kule Hirbadaw. Nimwite Paskalina, ingawa si jina lake. Familia ya bwana harusi ni wafugaji, watu wa ng'ombe kabisa, na kwa sababu ya umbali walikubaliana waje siku moja kabla, walale kwa majirani, asubuhi wapate kifungua kinywa kwetu, halafu twende wote kanisani.

Kifungua kinywa! Niliposikia neno hilo tu, moyo wangu uliruka.

Mama mkwe alisema, "Uji wa ulezi unatosha, na viazi, na chai ya maziwa. Watu wa ng'ombe ukiwapa maziwa mazuri wameridhika."

Mimi nikasema, "Mama, mambo yamebadilika. Tuwapikie wafo, waone wamekuja kuoa kwa watu."

Akanitazama kwa upole wake ule. "Haya, Mama Danieli. Wewe ndiye unajua mambo ya hoteli."

Sasa nikueleze kuhusu samli, maana usipoielewa samli hutaelewa uzito wa dhambi yangu.

Kwa ukoo wa mume wangu binti hatoki nyumbani kwao na kichwa kikavu. Asubuhi ya harusi mama yake anamkalisha kwenye kigoda, anampaka samli utosini na kwenye paji la uso huku akimtamkia baraka, ndipo shela inawekwa juu. Padri anajua na hana neno. Na kwa wale wakwe wa Hirbadaw ndiyo zaidi. Kwao binti asiyepakwa ni kama mtu aliyetolewa nje bila kuagwa.

Na hii haikuwa samli ya kawaida. Siku Paskalina alipozaliwa, baba yake alimtengea ndama jike. Yule ndama akakua, akazaa, na mjukuu wake akawa ng'ombe mmoja mwenye mabaka tuliyemwita Madoa. Baba mkwe alifariki Paskalina akiwa bado sekondari. Kabla hajafa alimwambia mkewe neno moja tu juu ya binti huyo, kwamba siku akiolewa apakwe samli ya ng'ombe wake mwenyewe.

Mama alikamua, akatikisa maziwa, akayeyusha siagi, akajaza kibuyu kimoja kidogo chenye mkanda wa ngozi. Kisha kiangazi kile kikali Madoa akavimba tumbo akafa. Kwa hiyo kilichokuwa kibuyuni ndicho kilichobaki, basi. Hakukuwa na ng'ombe wa kurudia.

Nakumbuka siku alipokiziba. Alikining'iniza kwenye msumari juu ya kitanda chake, akanigeukia akaniambia, "Hiki usikiguse hata kwa kidole. Hiki kina baba yao ndani."

Aliniambia mimi. Kwa kinywa chake. Sina pa kusingizia.

Asubuhi ya harusi niliamka nikiwa na mikogo yangu yote. Nilivaa kitambaa kipya kichwani. Mayai trei mbili, maziwa ndoo nzima, unga nilishauchekecha tangu jana. Nje wageni walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi chini ya turubai, wanakunywa chai, wananitazama. Mabinti wa jirani waliokuja kunisaidia nilikuwa nawaamrisha kama mpishi mkuu.

Wafo ya kwanza ikaganda. Nilipofungua chuma, nusu ilibaki juu, nusu chini. Ya pili vile vile. Ya tatu ikatoka vipande vipande kama kande. Chuma kilikuwa cha zamani kilicholiwa na kutu, na mafuta ya alizeti hayakukiweza. Nikajaribu siagi ya kopo. Hapo zikaanza kutoka, lakini chuma kilikuwa kinakunywa siagi kama mlevi. Hata watu kumi hawajala, kopo limeisha.

Shangazi wa mume wangu akachungulia jikoni. "Bado tu? Wageni wanauliza kama hicho chakula kinatoka Ulaya kwa miguu."

Mabinti wakacheka. Jasho likanitoka. Ningeweza kusema, "Leteni uji." Uji ulikuwepo! Mama mkwe alikuwa ameupika kimya kimya kwenye sufuria kubwa, akauacha pembeni ya moto, akijua. Ningeupakua ule uji, watu wangekunywa, wangeshukuru, na leo nisingekuwa naandika haya.

Lakini kiburi changu kilikataa uji.

Nilikumbuka mpishi wa kule hotelini alivyokuwa akisema kwamba hakuna kinachoshinda samli halisi kwenye chuma. Nikachukua bakuli, nikaingia chumbani kwa mama. Yeye alikuwa nje anasalimiana na wakwe. Nilijiambia, vijiko viwili tu, nani atajua? Kupaka kichwa kunahitaji samli kiasi gani kwani?

Nikachota viwili.

Weee! Wafo ilitoka kama imeteleza kwenye sabuni. Nzima, ya rangi ya dhahabu, na harufu yake ilijaza jiko, harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Mabinti wakapiga vigelegele. Nikatuma sahani ya kwanza nje, nikasikia watu wanasema "Aaa!" Sahani ya pili, "Leta nyingine!" Nilikuwa nimelewa sifa bila pombe.

Nikarudi chumbani mara ya pili. Mara ya tatu sikwenda na bakuli, nilikishusha kibuyu chenyewe.

Nilikikung'uta mpaka mwisho. Kisha nikakirudisha kwenye msumari wake kikiwa chepesi kama ganda.

Niliitwa nje nipongezwe. Bibi wa bwana harusi, mzee mwenye bangili za shaba hadi karibu na kiwiko, alikuwa ameshika kipande cha wafo anakinusa kabla ya kutia mdomoni. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii samli si ya dukani. Hii imekaa kibuyuni, ikatulia. Nani ameitunza hivi?"

"Ni mimi, bibi."

"Basi aliyekulea amekulea," akasema, akala mpaka akalamba vidole.

Mungu wangu! Wakwe walikula baraka ya binti waliyekuja kumchukua, wakalamba vidole, wakanishukuru.

Saa tatu wakamtoa Paskalina, wakamkalisha kwenye kigoda katikati ya watu. Mama mkwe akaingia chumbani kuchukua kibuyu. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jiko. Nilikuwa nimejiambia kwamba kidogo kitakuwa kimebaki kwenye kuta, kitatosha, atapangusa kwa kidole.

Alikawia. Alipotoka alikuwa amekishika kibuyu kichwa chini, anakitazama kama mtu anayetazama kisima kilichokauka.

"Hakuna kitu," akasema. Alisema taratibu, kama anajiambia mwenyewe.

Shangazi akadaka. "Hakuna kitu vipi? Nani ameingia chumbani? Iteni kila mtu aliyekuwa jikoni! Nyie mabinti, njooni hapa!"

Wale mabinti wakaanza kulia hata hawajaulizwa. Shangazi akanitazama na mimi. Ndipo mdomo wangu ukafunguka, na sikujua nitasema nini mpaka nilipojisikia nasema.

"Mama, si ulimpaka yule mtoto wa jirani aliyekuwa anakohoa? Wiki ile iliyopita. Nilikuona. Ulikishusha kibuyu."

Mtoto alikuja kweli wiki ile. Mama alimpa chai ya tangawizi akamrudisha kwao. Hicho tu ndicho kilichotokea.

Na unajua kwa nini nilichagua uongo ule? Kwa sababu siku zile mama alikuwa ameanza kusahau vitu vidogo, mambo ya uzee tu. Alikuwa anatafuta kisu huku amekishika, au ananiuliza mara mbili kama kuku wamefungiwa. Nilijua ufa ulikuwa wapi kwenye ukuta wake, nikatia shoka hapo hapo.

Akanitazama. Siwezi kusahau macho yale. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta ndani ya kichwa chake.

"Nilimpaka?"

"Ndiyo, mama."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

Hapo ningeweza kusimama. Wallahi ningeweza! Mara mbili aliniuliza, mara mbili alinifungulia mlango, nikaubamiza.

Shangazi akaguna, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Maskini wifi yangu, amezeeka." Watu wakaanza kunong'ona kwa huruma. Hasira ingekuwa afadhali, kwa sababu mtu wa kuhurumiwa hakuna anayemuuliza tena kitu.

Bibi wa Hirbadaw akatoa kichupa cha samli yake mwenyewe kutoka kwenye mfuko wa shuka, akakinyoosha. Mama mkwe hakukipokea. Alirudi nyuma hatua moja, akasema, "Mama aliyesahau baraka ya mtoto wake hana mkono wa kumpaka." Akampa shangazi.

Shangazi akampaka Paskalina. Paskalina alikuwa analia, na kila mtu alidhani ni kilio cha kuaga nyumbani.

Wakati huo huo kuna mtu nyuma aliniuliza kama zimebaki wafo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinyooka miaka miwili, na kila hatua ilinipa faida.

Wafo zile zilivuma. Kipaimara, ubatizo, jubilei ya ndoa, mwalimu anayehama, wote wanataka kifungua kinywa cha Mama Wafo. Nilinunua chuma cha pili. Na mama mkwe akawa anazidi kunywea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kwanza aliacha kutikisa maziwa. Alisema, "Nisije nikasahau kuosha kibuyu nikawaumiza watu." Akavigawa vibuyu vyake vyote. Vitatu alimpa jirani, viwili alinipa mimi! Viko darini, sijawahi kuvigusa.

Kisha akaacha kwenda kwenye jumuiya, kwa sababu anaona aibu kukosea majina. Hakuwahi kukosea majina. Alikuwa tu na hofu kwamba atakosea.

Akaanza kuniuliza mimi kila kitu. "Mama Danieli, leo nimekula?" "Umekula, mama." "Nimemeza dawa ya presha?" "Umemeza." Siku moja akaniambia, "Wewe ndiye kichwa changu sasa. Mungu alijua atakuleta nani." Nilichukua ndoo nikaenda zizini, nisimtazame usoni.

Mume wangu ni mtu mwema na anampenda mama yake, kwa hiyo akafanya yale wanayofanya watoto wema. Alichukua usimamizi wa ng'ombe bila kumuuliza. Akauza dume alilokuwa analipenda mama, akamwambia baadaye. Mama akasema tu, "Labda mliniambia nikasahau." Hawakuwa wamemwambia!

Na Paskalina akawa hapigi simu nyumbani. Akipiga anaongea na kaka yake. Nilidhani ni mambo ya ndoa changa.

Mwaka huu alijifungua, mtoto wa kike. Akaja huku kwetu Daudi kwa ajili ya ubatizo, akaniambia, "Wifi, tunataka zile wafo zako, zile zile za asubuhi ya harusi yangu. Bibi kule anaziulizia mpaka leo."

Tulikuwa tumekaa uani tunamenya vitunguu swaumu. Mama mkwe alikuwa ameketi ukutani juani, mikono imelala mapajani. Paskalina akataka kwenda chooni. Mimi nilikuwa na mikono michafu. Nikasema, "Mpe bibi yake amshike."

Paskalina akasita. Akanisogelea akaninong'oneza, "Asije akamsahau mahali, wifi. Mimi mwenyewe alinisahau siku ya harusi yangu."

Mama hakuwa kiziwi. Alishasikia. Akaingiza mikono yake ndani ya kanga, kama mtu anayeficha kitu kichafu, akasema, "Ni kweli, mwanangu. Usinipe. Nitamdondosha."

Mikono ile ililea watoto sita na ndama wasiohesabika. Ilinipokea mimi mwenyewe nilipojifungua Danieli, mvua inanyesha na gari limekwama, mtoto akaangukia mikononi mwake. Sasa inajificha isimshike mjukuu wake, kwa sababu ya wafo!

Nilishindwa. Nilimwambia mume wangu siku ile ile, tukiwa bandani. Nilimwambia yote, vijiko viwili, kisha kibuyu, kisha mtoto wa kukohoa. Hakunipiga wala hakupiga kelele. Alikaa juu ya debe akashika kichwa.

"Nimeuza dume la mama," akasema. "Nimemwambia mwanangu asimsikilize bibi yake sana." Kisha akainua uso. "Mwambie mwenyewe. Mbele ya Paskalina. Mimi sikusemei."

Tukaenda. Mama alikuwa bado amekaa pale pale ukutani. Paskalina alikuwa amemaliza kumnyonyesha mtoto. Nilipiga magoti, siyo yale ya shikamoo, nilianguka kabisa.

"Mama, ile samli ya Paskalina niliichukua mimi. Niliikaangia wafo. Hukumpaka mtoto yeyote. Nilikusingizia."

Paskalina akasema, "Nini?" Akasema tena, kwa sauti ya juu, "Unasema nini wewe?"

Mama akatabasamu. Jamani, alitabasamu! Akaniwekea mkono begani.

"Ninyanyukie, mwanangu. Nani amekufundisha haya? Umemsikia Paskalina leo, ukanionea uchungu."

"Hapana, mama, ni kweli! Nilikishusha kibuyu kwa mikono yangu!"

"Unanisitiri," akasema. Akamgeukia Paskalina. "Umeona mke wa kaka yako? Anajivika kosa langu ili wewe usinichukie."

Mume wangu akaingilia. "Mama, anasema ukweli. Ni yeye."

"Na wewe pia?" Akacheka kidogo, kwa upendo. "Watoto wangu. Lakini mimi nakumbuka."

"Unakumbuka nini, mama?" nikauliza. Nilikuwa nalia.

"Yule mtoto. Alikuwa na sweta jekundu. Nikamfungua vifungo nikampaka kifuani, na kwa kuwa alikuwa anakohoa sana nikaongeza, nikaongeza, mpaka ikaisha. Nakumbuka hata joto la kifua chake. Wakati ule nilikuwa nimesahau. Sasa nakumbuka vizuri."

Hakuna sweta jekundu. Hakuna vifungo. Sikuyataja hayo kamwe. Miaka miwili amekaa gizani anatafuta kitu ambacho hakikuwepo, kwa sababu mimi nilimwambia kipo, na kwa kuwa alikuwa ananiamini, akakitengeneza mwenyewe mpaka akakipata. Huo sasa ndio ukweli wake. Wa kwangu umekuja umechelewa, na umekuja na mdomo ule ule uliomdanganya. Atauamini vipi?

Paskalina alikuwa amenikazia macho. Yeye aliniamini. Nilijua ameniamini kwa jinsi alivyonitazama, na tangu siku ile hajanisemesha. Hakuna wafo zilizopikwa kwenye ubatizo. Watu walikunywa uji.

Lakini kabla hatujanyanyuka pale uani, mama alifanya kitu, na ndicho hasa kilichonifanya niandike. Aliingia jikoni kwangu. Nikadhani anakwenda kunywa maji. Akatoka na kopo langu la siagi, lile la kupakia chuma cha wafo, maana samli hana tena, vibuyu aligawa. Akachovya kidole.

Akanipaka mimi. Utosini na kwenye paji la uso. Mbele ya binti yake ambaye hakuwahi kumpaka.

"Mungu akusitiri wewe na uzao wako," akasema, "kama ulivyonisitiri mimi."

Sikuweza kuukwepa mkono wake. Mikono yake ilikuwa imara kabisa, haikutetemeka hata kidogo, na hakumwaga hata tone.

Dada yangu, kaka yangu unayesoma, nakuomba. Ukivunja kitu cha mzee, sema siku ile ile, kabla hajaanza kujilaumu. Ukisikia mzee anauliza, "Hivi ni mimi niliyesahau?" na wewe unajua si yeye, mjibu hapo hapo, hata kama wakwe wote wamekaa wanasikiliza. Aibu yako itaisha na siku. Na usijidanganye kwamba ukweli utakaa unakusubiri kama kitu kilicho kabatini. Mimi niliuendea wangu baada ya miaka miwili nikakuta nafasi yake imeshachukuliwa na mwingine.

Paskalina bado yuko huku kwetu, na sasa anampa mama mtoto ambebe. Hilo nashukuru. Mama anamshika kwa uangalifu mno, anatembea naye uani polepole, na akiniona ananipungia mkono. Jumapili iliyopita alirudi kanisani. Baada ya misa nilimsikia anawasimulia wanawake wenzake juu ya mkwe wake mwema aliyetaka kubeba kosa lisilo lake, na juu ya mtoto mmoja aliyekuwa anakohoa, mwenye sweta jekundu.